Kulipa deni bila kuvunjika moyo: kutoka mavuno moja hadi mengine



Mara mingi katika gazeti hili tunaongea juu ya kupata mkopo: namna ya kuomba, namna ya kuweka akiba, namna ya kuandika kaye ya kikundi. Leo tunaleta jambo ambalo watu wanalisema kwa sauti ya chini tu, nalo ni namna ya kuendelea kulipa. Kukopa ni siku moja. Kulipa ni miezi, na wakati mwingine misimu miwili ao mitatu. Wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na kila mtu ambaye amebeba deni anajua maana yake.

Watu wengi wanaanza vizuri. Mwezi wa kwanza wanaleta, mwezi wa pili wanaleta. Kisha mtoto anagonjwa, ao mvua inachelewa, ao bei ya maharagi inaanguka ku soko. Wanakosa mara moja, haya inawashika, wanaanza kupita njia ingine ili wasikutane na mwenye deni. Hapo ndipo deni linakomaa. Kukosa mara moja hakujaharibu nyumba ya mtu. Kinachoharibu ni kuachilia kabisa. Njo maana tunataka tuone pamoja vitu vinavyosaidia mlimaji kushika njia mpaka mwisho.

Kwa nini deni linachokesha akili

Kwanza tuondoe neno moja mbaya. Mara nyingi mtu mwenye deni anaitwa mvivu ao mtu asiye na akili. Sivyo. Mwaka wa 2013 wachunguzi wanne walitoa matokeo ya kazi waliyofanya na walimaji wa miwa wa Tamil Nadu, katika India ya kusini. Walimaji wale wanapata feza mara moja kwa mwaka, wakati wa mavuno, karibu sawa na walimaji wetu wa kahawa. Wachunguzi waliwapa mazoezi ya akili mara mbili: mbele ya mavuno, wakati feza imekwisha na madeni yanabana, na tena nyuma ya mavuno, wakati wamekwisha kulipwa. Mtu yule yule alifanya vibaya mbele ya mavuno, na vizuri nyuma yake. Hakuwa amepata masomo mapya katikati. Ni mzigo wa mawazo ndio ulikuwa umepungua.

Hapa tunapata fundisho la kazi. Usipange mambo makubwa ya deni katika miezi ya njaa, wakati kila asubuhi unajiuliza watoto watakula nini. Panga wakati mavuno yameingia na kichwa kiko wazi, kisha andika. Siku kichwa kitachoka, karatasi itakumbuka kwa niaba yako.

Andika madeni yote, hata yale ya haya

Chukua kaye. Andika kila deni kwa msitari wake: unadaiwa na nani, ni ngapi, linaongezeka ngapi kila mwezi, na uliweka nini kama rehani (kiwanja, simu, mashini ya kushona, mbuzi). Usifiche lile deni dogo la butiki ao lile la shemeji. Deni lililofichwa ndilo linakuamsha usiku.

Tuseme mlimaji mmoja ameandika hivi:

– Butiki ya kijiji: 15.000 FC, haliongezeki.
– Kituo cha afya: 40.000 FC, haliongezeki.
– Mkopeshaji wa mtaani, ile kazi watu wanaita Bank Lambert: 100.000 FC, na linazaa 30 kwa mia kila mwezi.

Jumla ni 155.000 FC. Wengine wanaogopa kufanya jumla hii. Lakini hofu ya namba isiyojulikana ni kubwa kuliko namba yenyewe. Ukisha kuiona, unaweza kuanza kuikata.

Sasa tazama msitari wa tatu. Jina lisikudanganye: ile si banki. Ni mtu anayekopesha feza yake kwa bei anayotaka, na kuna mahali wanaomba hata zaidi ya 30 kwa mia. Ukimletea 30.000 FC kila mwezi, umelipa faida peke yake. Nyuma ya miezi minne umetoa 120.000 FC, na bado unadaiwa 100.000 ile ile. Hapo haulipi deni, unalilisha. Njo namna watu wanalipa mwaka mzima na kusema: « Hii deni iko na uchawi. » Haina uchawi. Ni hesabu tu, na hesabu ingine inaweza kuivunja.

Deni gani litangulie?

Hesabu inasema: tanguliza deni linaloongezeka kwa nguvu zaidi. Moyo unasema: tanguliza lile dogo, ili uone kitu kimekwisha. Wote wawili wako na haki.

Huko Marekani watu wengi wanaishi na madeni ya kadi za banki, na mtu mmoja anaweza kuwa na kadi tano ao sita, kila moja na deni lake. Mwaka wa 2012, wachunguzi wawili, David Gal na Blakeley McShane, walitazama watu waliokuwa wanajaribu kutoka katika madeni ya namna ile. Waliona kwamba wale waliofunga madeni moja moja, hata kama yalikuwa madogo, walikuwa na bahati zaidi ya kufika mwisho. Kufuta msitari mmoja kunampa mtu nguvu ya kukamata msitari unaofuata.

Kwa hiyo shauri letu ni hili. Kama kuna deni moja dogo ambalo unaweza kumaliza kwa wiki mbili ao tatu, limalize kwanza. Kwa mlimaji wetu ni la butiki: mayai kidogo, mafungu ya lengalenga, siku mbili za kibarua, limekwisha. Futa msitari ule mbele ya mwenye butiki. Kisha, bila kupumzika, geuka upande wa deni linalozaa, na nguvu zote ziende kule. Usijipendeze na madeni madogo wakati lile kubwa linaendelea kunenepa.

Kubadilisha deni ghali na deni rahisi

Kama mlimaji huyu ni memba wa AVEC, ana mlango mwingine. Vikundi vya namna hii vilianza Niger mwaka wa 1991, pamoja na shirika CARE, na leo viko katika vijiji vingi vya kwetu. Kawaida memba anaweza kuomba mkopo mpaka mara tatu ya akiba yake. Kama ameweka 40.000 FC, anaweza kuomba mpaka 120.000.

Tuseme kikundi kinampa 100.000 FC kwa 5 kwa mia kila mwezi, alipe kwa miezi minne, 25.000 ya shina kila mara pamoja na faida. Malipo yatakuwa hivi:

– Mwezi wa kwanza: 25.000 + 5.000 = 30.000 FC
– Mwezi wa pili: 25.000 + 3.750 = 28.750 FC
– Mwezi wa tatu: 25.000 + 2.500 = 27.500 FC
– Mwezi wa ine: 25.000 + 1.250 = 26.250 FC

Jumla ni 112.500 FC, na deni limekufa. Feza ni ile ile aliyokuwa anapeleka kwa mkopeshaji kila mwezi, hata kidogo chini yake. Tena faida ya 12.500 haikutoka nje: imebaki katika sanduku ya kikundi, na siku ya kugawana, sehemu yake inamrudilia.

Lakini kuna masharti mawili. La kwanza, feza ile iende moja kwa moja kwa mkopeshaji, mbele ya shahidi, na karatasi ya deni ipasuliwe siku ile ile, rehani irudishwe. Ikipita kwanza nyumbani, itapata kazi ingine. La pili, asirudi tena kule. Mtu akichukua mkopo wa kikundi kisha akakopa tena kwa mkopeshaji, sasa yuko na madeni mawili, na ya pili itavunja hata urafiki wake na kikundi.

Na kama hauko katika kikundi chochote? Jua ya kwamba kila franka unayoleta juu ya faida inakata shina. Ukileta 50.000 FC, 30.000 inalipa faida na 20.000 inakata shina. Mwezi unaofuata unadaiwa 80.000, na faida inashuka mpaka 24.000. Omba mkopeshaji aandike vile, kwa mkono wake, na ubaki na karatasi yako.

Panga malipo kufuata msimu

Mlimaji hana mshahara wa kila mwezi. Kuahidi kiasi kimoja kwa miezi yote kumi na miwili ni kujitega mwenyewe. Huku kwetu Kivu, msimu A unaanza mwezi wa tisa, mavuno yanaingia karibu na mwezi wa kwanza. Msimu B unaanza mwezi wa pili, mavuno yanaingia mwezi wa sita. Katikati kuna miezi ya njaa, wakati ghala iko tupu na shamba bado ni majani. Wakati wa kuongea na mwenye deni, sema wazi: « Mwezi wa kumi na wa kumi na moja nitaleta kidogo sana. Mwezi wa kwanza nitaleta mingi. » Wengi watakubali, kwa sababu wanapenda ahadi ndogo inayotimia kuliko ahadi kubwa inayokimbia.

Siku ya mavuno, gawanya mbele ya kuuzisha. Lundo la kwanza ni mbegu. Lundo la pili ni chakula cha nyumba. Lundo la tatu ni la kuuzisha, na ndani yake deni linapata sehemu yake mbele ya nguo na redio. Tunasisitiza juu ya mbegu: mtu anayelipa deni kwa kuuzisha mbegu amekopa tena mwezi wa tisa bila kujua.

Kati ya mavuno mbili, tafuta kitu kidogo kinachozaa haraka. Lengalenga inakatwa nyuma ya wiki tatu ao ine. Kuku wanataga. Majani ya muhogo yanapata mnunuzi wakati mizizi bado inakomaa. Makuta haya madogo hayatamaliza deni kubwa, lakini yanafanya usipite mwezi mzima bila kupeleka kitu, na desturi ya kupeleka ndiyo inashika moyo.

Swali moja linarudi kila mara: je, ningoje bei ipande mbele ya kuuzisha gunia langu? Jibu liko katika faida ya deni. Bei ya maharagi inaanguka wakati wa mavuno na inapanda wakati watu wanatafuta mbegu. Kama deni lako haliongezeki, ao linaongezeka 5 kwa mia tu, kungoja kunaweza kukusaidia, kama ghala ni kavu na wadudu hawaingii. Lakini kama deni linazaa 30 kwa mia kila mwezi, ingelazimu bei ya gunia ipande zaidi ya vile, kila mwezi. Hiyo ni shida kupatikana. Uzisha sehemu, ukate shina.

Franka ao dolari?

Angalia pia deni limeandikwa katika feza gani. Mwanzo wa mwaka wa 2016, dolari moja ilikuwa karibu 930 FC. Mwisho wa mwaka wa 2017 ilikuwa karibu 1.600 FC. Aliyekopa dolari 100 na kuuzisha mazao yake katika franka aliona deni linapanda bila yeye kukopa tena. Kama unauzisha katika franka, kopa katika franka. Kama deni limekwisha kuwa la dolari, usiweke franka miezi mitatu ndani ya nyumba: siku umeuzisha, badilisha ao lipa.

Ona kwa macho deni linapungua

Mtu anayelima anaona mimea inapanda, na ile inampa nguvu. Deni halionekani, ndiyo sababu inafaa kulionyesha. Chukua chupa mbili. Katika ya kwanza weka punje za maharagi, kila punje ni 5.000 FC. Deni la 155.000 ni punje 31. Kila unapolipa, toa punje na kuiweka katika chupa ya pili. Weka chupa hizo mahali watoto na wakubwa wanapita. Hakuna lazima ya kujua kusoma. Hata bibi anaweza kuuliza: « Wiki hii haikutoka hata moja? »

Andika pia, ao chora, kitu ambacho feza ile itafanya deni likiisha. Mlimaji wetu alikuwa anapeleka karibu 30.000 kila mwezi. Nyuma ya deni, ile 30.000 itabaki kwake: ni masomo ya mtoto wa sekondari, ni mbuzi, ni mabati. Mtu hawezi kutembea siku mingi kwa kukimbia kitu tu. Anahitaji pia mahali pa kwenda.

Nyumba moja, hesabu moja

Tumeona nyumba ambamo baba anakopa bila mama kujua, na nyumba ambamo mama anakopa bila baba kujua. Wote wawili wanalipa kwa siri, wote wawili wanachoka, na mbuzi mmoja anaahidiwa mara mbili. Kaeni chini wawili, siku moja tu, na kaye. Hatusemi ni rahisi. Siku ile kunaweza kuwa maneno makali. Lakini deni linalojulikana na watu wawili lina mikono mine ya kulibeba.

Na michango? Ndoa, matanga, ubatizo havingoji deni liishe. Mtu asiyechanga anaogopa kwamba kesho hatakuwa na wa kumzika. Changa, lakini changa kwa namna ingine: siku moja ya kuchota maji na kupasua kuni, kapo ya muhogo, usiku wa kukesha. Sema ukweli kwa upole: « Ndugu zangu, mwaka huu mkono wangu uko na mzigo, lakini mimi mwenyewe niko hapa. » Watu wanaheshimu mtu aliye hapo kuliko bahasha iliyokopwa.

Siku utakosa

Itafika. Mtoto atapata malaria, ao mvua ya mawe itapiga shamba. Siku ile fanya vitu vitatu.

Enda mbele ya tarehe, usingoje akutafute. Sema: « Mama, deni lako sijalisahau. Leo niko na 2.000 tu. Ingine nitaleta siku ya soko ya wiki mbili. » 2.000 ni kidogo, lakini inasema kwamba hujakimbia.

Usikope mahali pengine ili kufunika. Kwa ugonjwa, AVEC ina mfuko wa mshikamano, na MUSO ina sanduku nyekundu, inayowekwa kwa ajili ya matata ya namna hiyo. Hiyo si haya; umekuwa unachangia kwa sababu ya siku kama hii.

Na usijaribu kulipa mara mbili mwezi unaofuata ili kujitakasa. Rudi tu kwa kiasi chako cha kawaida, na usogeze tarehe ya mwisho mbele. Anayetaka kulipa mara mbili anakosa mara mbili.

Wengine wetu wamekosa juu ya vita. Wamekimbia, wameacha shamba na mavuno ndani yake. Deni lako halikufi kwa sababu umekimbia, lakini hakuna anayekungojea ulipe kutoka kambini. Kama unaweza, tuma neno kwa karani ao kwa memba mmoja: uko wapi, na kwamba unakumbuka. Linda karatasi zako za malipo sawa vile unalinda kadi ya uchaguzi. Vikundi vingi vinaweza kusimamisha faida kwa wakati wa ukimbizi. Leteni jambo hili katika mkutano mbele ya shida, liandikwe katika sheria ya ndani.

Kazi ya koperative

Koperative inaweza kumsaidia mlipaji ao kumvunja. Kusoma majina ya wenye deni mbele ya watu wote kunaleta feza wiki moja, kisha kunafukuza memba. Kuenda kunyanganya sufuria na mabati ya mtu kunamwondolea kitu cha kulipia. Vile tunaona vinasaidia ni hivi: kila mwenye deni awe na memba mmoja anayemchagua yeye mwenyewe, wanaonana kila wiki na kuhesabu punje pamoja, komite iulize mkopo ni wa nini mbele ya kuutoa, na siku mtu amemaliza, karani afute jina lake mbele ya wote na watu wapige makofi. Makofi hayana bei, na mtu anayapeleka nyumbani.

Ya kuzungumza katika mkutano wenu

1. Katika kijiji chetu, mkopeshaji wa mtaani anaomba ngapi kwa mia kila mwezi? Kikundi chetu kinaomba ngapi?
2. Ni miezi gani memba hawawezi kulipa, na je, sheria yetu inaijua miezi hiyo?
3. Memba akikosa mara moja, anajua aende kwa nani kwanza?
4. Mwaka huu, ni nani amemaliza deni lake, na je, tulimshukuru?

Dawa ya deni ni kulipa, watu wanasema. Ni kweli, lakini dawa hii inakunywewa kidogo kidogo, kwa siku mingi, na mgonjwa anapona haraka akiwa na mtu wa kumkumbusha saa. Ukitoka katika kusoma hii, tafuta chupa mbili na ukoboe maharagi. Kazi inaanza kwa punje ya kwanza.